Nyuzi za gitaa zinavyotengeneza sauti: maswali ninayoulizwa kila wiki kibandani Kirumba

Natengeneza magitaa Kirumba, Mwanza, si mbali na njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni. Wateja wangu ni wapigaji wa kwaya, vijana wa bendi za harusi, wanafunzi kutoka Nyegezi, na mara mojamoja mzee wa visiwani na chombo chake cha asili kilichofungwa kwenye kanga. Karibu wote huanza kwa kulaumu gitaa. Mara nyingi gitaa halina kosa. Kosa liko kwenye uzi, na uzi haujui kama gitaa ulilinunua kwa elfu themanini au kwa milioni mbili. Unajua mambo matatu tu: urefu wake, uzito wake, na umevutwa kiasi gani. Majibu yote hapa chini yanarudi kwenye hayo matatu, mengine kwa kuzunguka kidogo.

Kwa nini uzi mmoja unatoa sauti nyembamba na mwingine nzito, wakati zote ni chuma?

Uzi ukipigwa hutetemeka, yaani huenda na kurudi. Ukienda na kurudi mara nyingi kwa sekunde, sikio linasikia sauti nyembamba. Mara chache, sauti nzito. Uzi wa sita wa gitaa, ule mnene, hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Uzi wa kwanza, mwembamba kuliko wote, kama mara 330. Zote mbili ni noti ya E, zimepishana oktava mbili (oktava ni noti ileile ikirudi juu zaidi au chini zaidi).

Chukua urefu kwanza. Ukiukata uzi nusu, mitetemo inakuwa maradufu na sauti inapanda oktava moja. Ndiyo maana freti ya 12, katika vile vyuma vilivyolazwa shingoni mwa gitaa, imekaa katikati ya uzi. Chukua futi ukapime mwenyewe.

Kwenye mkazo ndipo wengi wanapoteleza. Ukitaka kupandisha oktava moja kwa kukaza tu, hukazi mara mbili, unakaza mara nne. Na uzito nao una tabia hiyohiyo, kwa kinyume: uzi wenye uzito mara nne kwa kila sentimita, ukivutwa kwa nguvu ileile, unashuka oktava moja. Waya wa chuma ulio mnene maradufu ndio wenye uzito mara nne, kwa sababu umenenepa pande zote, si upande mmoja.

Nani aliyegundua haya?

Kuhusu urefu, nadhani kila aliyewahi kuwamba uzi juu ya kibuyu alijua. Kuhusu mkazo, Vincenzo Galilei, mpiga luti (chombo cha nyuzi cha zamani) wa Italia na baba yake Galileo mwanasayansi, alining'iniza mizigo kwenye nyuzi mwishoni mwa karne ya 16, akaona kwamba oktava inadai mzigo mara nne, si mara mbili kama ilivyokuwa ikifundishwa. Mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, ndiye aliyechapisha kanuni zote tatu kwa pamoja mwaka 1636. Alitumia kamba ndefu mno, hata mitetemo yake ikahesabika kwa macho. Ukitaka kuona alichokiona, simama kwenye gati chombo kikiwa kimefungwa na mawimbi yanakivuta: kamba ikikazika hutetemeka taratibu, unahesabu moja, mbili, tatu, na husikii kitu, maana sikio la mtu linaanzia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde.

Fundi, naweza kufunga mshipi wa kuvulia badala ya nyuzi za dukani?

Hili ndilo swali la Mwanza. Jibu ni ndiyo, kama gitaa lako ni kavu, yaani si la umeme, na lilizaliwa la nailoni, na kama utachagua unene kwa akili.

Nyuzi tatu za chini za gitaa la nailoni, zile za sauti nyembamba, hata zile za bei kubwa zinazokuja kwenye pakiti nzuri, ni nailoni ya uzi mmoja, ndugu wa damu wa mshipi unaouzwa Mwaloni. Tofauti iko kwenye usawa: kiwanda cha nyuzi za muziki kinahakikisha unene ni uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, na kiwanda cha mshipi kinahangaika usikatike samaki akivuta. Unene wa kutafuta ni kama milimita 0.70 kwa uzi wa kwanza, 0.80 kwa wa pili na 1.00 kwa wa tatu. Chukua mita kadhaa, kisha upitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi kinundu au sehemu bapa, kata hapo utupe. Uzi ulio mzito upande mmoja na mwepesi upande mwingine hauwezi kulia sawa hata uukaze vipi: ukiwa wazi uko kwenye sauti, ukibonyeza freti ya saba umetoka. Sisi mafundi tunauita uzi mwongo.

Kwa nini nailoni iwe nene namna hiyo, wakati uzi wa kwanza wa chuma ni robo milimita tu? Uzito tena. Chuma ni kizito karibu mara saba kuliko nailoni, kwa ujazo uleule. Ili nailoni ifikie uzito wa waya mwembamba wa chuma, lazima inenepe kama mara 2.6. Kuna mishipi mingine migumu kidogo, inayopotea machoni ikiwa majini, ya florokaboni. Hiyo ni mizito kuliko nailoni, kwa hiyo kwa noti ileile unatumia uzi mwembamba zaidi na sauti inang'aa zaidi. Binafsi naipenda kwenye uzi wa tatu, ambao ukiwa wa nailoni mara nyingi huwa na sauti ya kuziba, kama mtu anayeongea na mdomo umejaa ugali.

Usichukue uzi wa kusokota wa kushonea nyavu. Nyuzinyuzi zake zinasuguana ndani kwa ndani na kuumeza mtetemo. Utasikia "pu" badala ya mlio. Na usiniletee nailoni iliyochomolewa kwenye nyavu za timba. Nyavu hizo ni haramu ziwani, na zaidi ya hapo uzi wake ni mwembamba mno kwa gitaa.

Nyuzi tatu za juu, zile za besi, hazina mbadala wa mshipi. Zinunue.

Nimefunga mshipi kwenye gitaa la umeme, halitoi sauti kwenye spika. Limeungua?

Halijaungua. Gitaa la umeme halisikilizi hewa, linasikiliza chuma kinachochezacheza mbele ya sumaku. Nailoni mbele ya sumaku ni kama haipo. Kijana mmoja aliniletea la kwake saa tisa alasiri siku ya harusi, ameshabadilisha waya, ameshagombana na mwenye spika. Tulifunga nyuzi za chuma kwa dakika ishirini, na mwenye spika sijui kama aliombwa radhi.

Na waya wa breki ya baiskeli?

Nimejifunzia huo, kwa hiyo siwezi kuutukana. Unafumua kebo, unatoa uzi mmoja, unaunyoosha. Tatizo ni huko kunyoosha: waya uliokwisha kusokotwa unabaki na mawimbi madogomadogo, na kila wimbi ni mahali ambapo uzi unajipinda tofauti. Ni uzi mwongo tena, wa chuma safari hii. Kwa kujifunzia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu za kwanza, unatosha. Kwa kurekodi, hapana.

Nyuzi za chuma zina sauti kali. Nifunge kwenye gitaa langu la nailoni?

Usifanye. Seti ya nailoni huvuta shingo na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, kwa jumla ya karibu kilo 40. Seti ya kawaida ya chuma kwa gitaa kavu huvuta kilo 70 na zaidi. Mbao za gitaa la nailoni zimechongwa nyembamba kwa ajili ya mzigo mdogo. Kila mwaka napokea magitaa ambayo daraja limeng'oka pamoja na kipande cha ubao, na kila mara mwenyewe husema lilianguka.

Nikinunua uzi mnene zaidi, si utachelewa kukatika?

Inaonekana hivyo, na mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi. Lakini fuata hesabu. Uzi ulio mnene maradufu una mwili mara nne, kwa hiyo unaweza kubeba mzigo mara nne. Sawa. Ila pia una uzito mara nne, na ili ufikie noti ileile kwa urefu uleule lazima uuvute mara nne. Faida yote imekwisha. Kila chembe ya chuma ndani ya uzi mnene inaumia sawasawa na ndani ya uzi mwembamba.

Maana yake ni kwamba kwa chuma cha aina moja na gitaa la urefu mmoja, kuna noti ambayo uzi utakatika, na noti hiyo haijali unene. Kwenye gitaa lenye uzi wa sentimita 65, noti hiyo iko nusu-toni chache tu (nusu-toni ni hatua ya freti moja) juu ya E ya uzi wa kwanza. Uzi wa kwanza huishi karibu na ukingo. Ndiyo maana ni huo unaokatika, si kwa kuwa ni mwembamba.

Hapa nina ombi kwa wapigaji wa kwaya. Mwimbaji akitaka wimbo upande toni moja, usikaze nyuzi. Weka kapo, kile kibanio cha shingoni. Kapo inafupisha uzi badala ya kuongeza mkazo, na sauti inapanda bila chuma kuumia. Na akitaka ushuke, legeza bila hofu: kushusha nusu-toni kunapunguza mkazo kwa karibu asilimia 11, kushusha toni nzima kwa karibu asilimia 21. Ukishusha toni nzima nyuzi zitapwaya na kukwaruza kwenye freti. Hapo ndipo uzi mnene unapokuwa na maana, kurudisha mkazo uliopotea.

Namba 9, 10, 11, 12 kwenye pakiti zina maana gani?

Ni unene wa uzi wa kwanza kwa sehemu za elfu za inchi. Namba 10 ni milimita 0.25. Kwenye gitaa la umeme la urefu wa kawaida, uzi huo ukifika E unavutwa kama kilo 7.4. Anayejifunza kwenye gitaa la umeme aanze na 9 au 10. Kwenye gitaa kavu la chuma 11 zinatosha, na ukipenda sauti ijae zaidi na vidole vimeshakomaa, 12.

Kwa nini nyuzi za besi zimezungushiwa waya?

Ukitaka sauti nzito bila kurefusha gitaa, lazima uongeze uzito. Njia rahisi ingekuwa waya mnene mtupu. Ujaribu siku moja: chukua waya wa milimita 1.2, ufunge, upige. Utalia kama chuma cha kengele ya shule kilichopasuka. Waya mnene mtupu ni fimbo, na fimbo ina ukaidi wake wa kutopenda kupinda.

Uzi haulii sauti moja. Ukiupiga, unatetemeka mzima, na wakati huohuo unatetemeka kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Zile sauti za juu, hamoniki, ndizo zinazofanya sauti isikike tajiri au maskini. Kwenye uzi unaopinda vizuri, hamoniki hukaa mahali pake: mara mbili, mara tatu, mara nne ya sauti ya msingi. Kwenye uzi mkaidi, kila hamoniki inapanda kidogo kuliko inavyotakiwa, na kadiri unavyokwenda juu ndivyo zinavyozidi kutawanyika. Sikio linasikia mchafuko.

Kuzungushia ni werevu mkubwa: kiini kinabaki chembamba kinachopinda vizuri, na uzito unabebwa na waya wa nje, ambao hausaidii ukaidi kwa sababu ni springi tu iliyolala juu yake. Gitaa la besi linatumia njia zote mbili, kuzungushia na kurefusha. Uzi wake una sentimita 86 hivi na ule mzito hulia mara 41 kwa sekunde.

Tukiwa kwenye mkazo na mtetemo: wahandisi wa madaraja yanayobebwa na nyaya hupima mkazo wa waya kwa kuutetemesha na kuhesabu mitetemo yake. Daraja la Kigongo–Busisi lina nyaya za namna hiyo. Kila nikipita pale natamani kujua linalia noti gani.

Nikityuni nyuzi wazi kwa simu zote ziko sawa, nikibonyeza juu kwenye freti ya 12 zimepanda. Kwa nini?

Unapobonyeza, unauvuta uzi ushuke hadi kwenye freti, na kuuvuta ni kuukaza. Kwa hiyo kila noti unayobonyeza inapanda kidogo zaidi ya ilivyopangwa. Ukaidi wa uzi nao unaongeza. Watengenezaji wanarekebisha kwa kulisogeza daraja nyuma kidogo, milimita chache, na nyuzi nene husogezwa zaidi ya nyembamba. Angalia daraja la gitaa la chuma: kile kipande cha mfupa kimelazwa mshazari, na hakikukosewa.

Kama zamani ilikuwa sawa na sasa imeharibika, kabla ya kugusa daraja badilisha nyuzi. Uzi uliokula jasho, kutu na mafuta ya vidole miezi sita una uzito usiolingana, na umelika pale unapokutana na freti. Nusu ya kazi za "rekebisha freti" zinazoletwa kwangu zinaishia kwenye nyuzi mpya.

Tukipiga mkutano wa hadhara uwanja wa Furahisha, magitaa yanatoka kwenye sauti jua likipanda. Ni ubovu?

Ni chuma. Kikipata joto kinarefuka, mkazo unapungua, noti inashuka. Ingekuwa nafuu kama nyuzi zote zingeshuka kwa pamoja, lakini hazishuki hivyo. Uzi ambao chuma chake kimevutwa sana, kama wa kwanza, unajali kidogo. Uzi wa tatu wa gitaa la umeme, ule G usiozungushiwa, chuma chake kimelegea kwa kulinganisha, na kwa kila nyuzijoto moja unashuka karibu mara tatu ya ule wa kwanza. Ndiyo maana kodi inachafuka, na kila mpigaji wa umeme analalamikia uzi huohuo. Acha gitaa kivulini palepale jukwaani robo saa, kisha ndipo utyuni. Usilitoe kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia nalo moja kwa moja kwenye sebene.

Nyuzi mpya za nailoni hazitulii kabisa. Nimeuziwa feki?

Siyo lazima. Nailoni ikivutwa inaendelea kurefuka polepole kwa siku kadhaa. Tyuni asubuhi, tyuni jioni, itachoka yenyewe. Kama ni wiki ya pili bado inashuka, angalia fundo lako kwenye funguo.

Na kama ukikaza unasikia "tin!" kisha sauti inaruka, uzi umebanwa kwenye mfereji wa kile kipande cha mfupa shingoni. Sugua mfereji kwa ncha ya penseli.

Kwa nini gitaa langu linasikika kama bati, la rafiki yangu linasikika tamu, na nyuzi ni zilezile?

Mwangalie anapiga wapi. Ukipiga karibu na daraja unaamsha hamoniki za juu, sauti inakuwa kali na ya bati. Ukisogea juu ya tundu inatulia. Ukipiga katikati kabisa ya uzi, hamoniki ya pili, ya nne na ya sita hazipati nafasi, kwa sababu pale katikati ndipo zinapotakiwa zisitikisike. Unabaki na sauti ya mviringo, kama filimbi. Piki ngumu, kile kibapa cha kupigia, inaamsha hamoniki zaidi kuliko nyama ya kidole. Kabla hujauza gitaa, sogeza mkono sentimita tano.

Hapa ziwani nyuzi zinaota kutu kama Dar es Salaam?

Afadhali hapa. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi ya kupeperushwa na upepo. Kinachoua nyuzi Mwanza ni jasho na unyevu wa masika. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza kupiga, chini yake pia.

Kuchemsha nyuzi za zamani kunasaidia?

Kwa zile zilizozungushiwa, ndiyo, siku chache: mafuta na uchafu uliojificha katikati ya mizunguko unatoka, uzito unarudi kuwa sawa. Kausha vizuri. Hakurudishi chuma kilicholika.

Na vyombo vya asili navyo vinafuata hesabu hizihizi?

Vinafuata, na vingine vinaifundisha vizuri kuliko gitaa. Enanga ya Wahaya hufungwa kwa uzi mmoja mrefu unaopitishwa kwenda na kurudi juu ya ubao uliochongwa kama sinia refu. Unene ni mmoja, urefu unakaribiana, kwa hiyo kazi karibu yote ya noti inafanywa na mkazo. Litungu la Wakuria na nyatiti ya Wajaluo, zote zenye nyuzi nane, zilikuwa zikifungwa mishipa ya ng'ombe, na siku hizi wengi wanafunga mshipi wa kuvulia. Sauti imebadilika. Mzee mmoja aliyeniletea litungu alilalamika kwamba nailoni "inaimba sana": mshipa wa mnyama unazima hamoniki za juu mapema, nailoni inaziacha ziendelee kidogo. Tulimwekea nailoni nene zaidi tukaishusha noti, akasema afadhali. Hakusema nzuri.

Ndono ya Wasukuma ina uzi mmoja tu kwenye upinde, na kibuyu. Kibuyu kikibanwa kifuani na kuachiliwa, hamoniki zilizomo ndani ya uzi zinachomoza na kujificha. Niliyoyaeleza juu kuhusu hamoniki kwa maneno mengi, mpiga ndono anayaonyesha kwa kusogeza mkono mmoja.

Naweza kuleta gitaa bila miadi?

Njoo. Ila usilisafishe wala usivue nyuzi. Nataka kulisikia lilivyo. Na uzi uliokatika uje nao, vipande vyote viwili. Ukikatikia kwenye daraja, kuna ukingo mkali pale. Ukikatikia shingoni, mfereji ni mwembamba. Ukikatikia kwenye funguo, uliukunja vibaya ulipoufunga. Ukikatikia katikati ni kutu, na hapo hunilipi kitu, nenda tu ukanunue seti mpya.